Kifo cha Paka wa Bi. Mwanarehema wa Mtopanga

MAELEZO YA SHAHIDI

Mahali: Kituo kidogo cha polisi, Mtopanga
Tarehe: 20 Mei 1991
Jina: Hafswa Mahfudh
Umri: Miaka 33
Kazi: Mshonaji nguo
Makazi: Mtopanga, Kisauni

Mimi ni mtu mzima mwenye akili timamu na hakuna aliyenituma kuja hapa. Nyumbani wote walinikataza. Ninayemshitaki ni Barakat Omar, ambaye hutibu wanyama katika chumba cha mbele cha nyumba yake, Mjambere. Cheti chake cha udaktari kimetundikwa ukutani, nami sibishani na cheti. Barakat ni mdogo wake mume wangu, Ishaka, kwa hiyo ni shemeji yangu.

Jirani yangu Bi. Mwanarehema Matano ni mjane. Mumewe alipofariki, naye yumo edani, paka mdogo aliingia ukumbini kwake, akalala juu ya mkeka wake, asitoke tena. Akamwita Kipusa. Wanawe wako mbali, na kiumbe aliyekuwa akimwitikia kila akiamka asubuhi ni paka huyo. Naeleza hili ili asije mtu akasema tumekuja kupoteza wakati wa serikali.

Mnamo tarehe 14 Mei 1991, siku ya Jumanne, mwendo wa saa nne asubuhi, nilimsindikiza Bi. Mwanarehema kwa Barakat. Kipusa alikuwa na jipu shavuni, nadhani aling'atwa na paka dume. Alikuwa hali chakula vizuri, lakini hakuwa wa kufa. Njia nzima alikuwa akilia ndani ya kikapu, na Bi. Mwanarehema akimjibu.

Chumba cha Barakat kilikuwa kikinuka damu iliyochacha. Juu ya meza anayopasulia palikuwa na sahani ya pilau ya jana yake, imetandwa na nzi. Aliisukuma kwa kiwiko, akapangusa meza kwa tambara, na kwa tambara lile lile akapangusa kisu. Shavu lake lilikuwa limejaa miraa. Alikuwa akitema ndani ya beseni, na pamba akaichovya kwenye maji ya beseni hilo hilo. Niliyaona haya kwa macho yangu, nilikuwa karibu naye kama nilivyo karibu na afande sasa.

Akamwambia Bi. Mwanarehema, "Mama, wewe kakae barazani, hapa si pa wazee." Mimi akanitaka nimshike paka miguu.

Nilimuuliza, "Mbona hujamchoma sindano ya usingizi?"

Akasema, "Imekwisha. Paka ni paka tu, shemeji, hana mengi."

Alimfunga kamba miguu ya mbele na ya nyuma, akaikaza kwenye meza, kisha akakata. Sikutaka kueleza sauti aliyoitoa paka yule, ila afande ameniambia nieleze. Ilikuwa sauti moja, ndefu, ikakatika, ikabaki pumzi tu. Akanikojolea mikononi. Barakat akacheka, akasema, "Haya, umeshaoshwa."

Kutoka barazani Bi. Mwanarehema aliita, "Hafswa mwanangu, yu salama?"

Nilipotaka kujibu, Barakat akanitangulia. "Salama, mama! Anadeka tu."

Usaha ulitoka, kisha ikafuata damu nyekundu, nayo ilikuwa ikiruka. Akaishindilia pamba. Wakati huo huo mtu alimwita kutoka uani, aliyekuwa akimletea miraa. Akaacha kisu juu ya meza akamwendea. Nikamwita, "Shemeji, damu haisimami." Akajibu, "Nakuja, kwani kuna moto?" Nilimsikia akichagua vitawi na kusema hivi vimenyauka. Mimi nilikuwa nimebonyeza pamba kwa vidole, na vidole vyote vikawa vyekundu. Nilimwita tena. Aliporudi nilimwachia, nikatoka nyuma, nikatapika ukutani.

Niliporudi ndani alikuwa ameshaifungua kamba, anamviringisha paka kwa leso ya Bi. Mwanarehema iliyokuwa kikapuni. Mguu mmoja ulikuwa umening'inia nikauingiza mimi. Ulikuwa umelegea kama kitambaa. Jicho lilikuwa wazi na nzi akitembea juu yake, nalo halikupepesa.

Nilimwambia, "Mbona jicho li wazi?"

Akasema, "Ulipotoka nimepata sindano kabatini. Waliochomwa dawa hulala hivyo."

Nilimsadiki. Ni daktari, nami ni fundi wa nguo.

Akamkabidhi Bi. Mwanarehema na kumwambia, "Amelala, mama. Mfunike vizuri, usimfunue mpaka alasiri. Ukimwamsha kabla dawa haijamtoka, akili itampotea." Bi. Mwanarehema akamwombea dua. Nasema tena, alimwombea dua mtu yule, amwekee Mungu mikono yake.

Tulirudi nyumbani. Nilikuwa nikishona dirishani kwangu, nikimwona Bi. Mwanarehema barazani kwake, paka yuko mapajani, anampepea kwa pepeo na kumwambia kwamba amemwekea dagaa. Adhana ya adhuhuri ilipokwisha aliniita.

"Hafswa, hebu njoo. Mbona sisimizi wanampanda?"

Nilikwenda, nikafunua leso. Sisimizi walikuwa wameingia puani na mdomoni. Mwili ulikuwa umeshakuwa mkavu kama ubao. Alikuwa amempakata maiti muda wote ule.

Tulirudi kwa Barakat saa ile ile. Tulimkuta anakula, sahani iko juu ya meza ile ile, na damu ya Kipusa imegandia pembeni. Hakuinuka. Bi. Mwanarehema alimwonyesha paka, akasema, "Daktari, mbona hakuamka?"

Barakat alijibu huku akitafuna, "Umemgubika leso mpaka umemziba pumzi. Umemuua mwenyewe, mama. Na paka wamejaa, nenda jaani kachukue mwingine."

 Bi. Mwanarehema aliitazama mikono yake.

Mimi ndiye niliyemshika mkono tukaenda ofisi ya mifugo ya serikali. Daktari wa hapo, Bwana Baya, alimchunguza paka mbele yetu. Alisema mshipa wa damu ulikatwa, ukaachwa, na mnyama alikufa kwa kutokwa na damu. Alituonyesha leso. Ilikuwa na doa dogo tu. Akasema angefungwa akiwa hai, leso ingeloa, hivyo alifungwa ameshakufa. Alisema pia kwamba sheria inakataza kumtesa mnyama, kwa hiyo Bi. Mwanarehema aende polisi, na akitaka kudai haki yake mahakamani, taarifa yake ataitoa.

Bi. Mwanarehema alikataa. Alisema, "Nitamshitakije mtu, na mimi ndiye niliyemfunika?" Tangu siku hiyo chakula anakigusa kwa ncha za vidole. Leso zake zote amezikunja akazitia sandukuni.

Nilimwambia habari ya nzi na jicho. Alinisikiliza, kisha akaniambia, "Unasema unipoze moyo, na Bwana Baya vile vile. Ungeweza kuyasema hayo mbele ya polisi, juu ya shemeji yako?" Nilirudi kwenye cherehani yangu.

Nilimweleza mume wangu. Ishaka si mtu mbaya. Alisema, "Paka ameshakufa, Hafswa, na Barakat ni damu yangu." Mavyaa yangu, yaani mama yao, alisema nitawavua nguo mbele za watu kwa ajili ya paka.

Jana, Jumapili, Barakat alikuja kwetu kula chakula cha mchana. Tuliketi mkekani, sinia moja, kama kawaida yetu. Alikuwa akisimulia kisa chenyewe kwa kicheko, jinsi bibi kizee alivyokuja na paka mkavu kumwuliza mbona haamki. Mavyaa akacheka kidogo. Mikono ya Barakat ikaingia kwenye wali, nami nikaiona kama nilivyoiona siku ile.  Niliinuka nikaenda uani kunawa, na mimi sikuwa nimekula hata tonge.

Ishaka alinifuata, akasema, "Ukienda polisi, usije ukalala hapa." Nikamwambia, "Sawa. Nitalala kwa mama."

Leo asubuhi nilimpitia Bi. Mwanarehema, nikamwambia avae buibui twende. Yuko nje kwenye benchi.

Nimeyasema niliyoyaona, niliyoyasikia na niliyoyashika kwa mikono yangu, na wallahi sikumwongezea Barakat hata neno moja. Nikiitwa mahakamani nitayasema mbele yake.

Sahihi: Hafswa Mahfudh

MAELEZO YA AFISA: Nimemsomea shahidi maelezo haya kwa Kiswahili, akayakubali na kutia sahihi mbele yangu. Leso na taarifa ya daktari wa serikali vimepokewa kama vielelezo. Barakat Omar ataitwa kituoni kuhojiwa kwa tuhuma za kumtesa mnyama. Shahidi aliomba maelezo yasomwe pia mbele ya Bi. Mwanarehema Matano, nikamwita ndani. Nilipofika pale pa jicho na nzi aliniomba nirudie. Nilirudia. Aliuliza kama hayo yalitokea kabla au baada ya yeye kumfunika paka leso. Nikamwambia, kabla. Alijifuta uso, kisha akasema, "Haya mwanangu, andika na yangu." Nimeanza kuyaandika.

Koplo Dishon Mwamburi