Kioo cha Namba Kumi na Saba

Mwaka umetimia leo, Oswaldi, tangu homa ikuchukue alfajiri ya tarehe kumi na saba Juni 1888, katika nyumba uliyoijenga mwenyewe nyuma ya bustani ya misheni, hapa Bagamoyo. Misa ya kukuombea imesomwa asubuhi. Tumerudi, tumekula, na sasa tumefunga mlango.

Karatasi ya namna hii ilipasa kubandikwa mlangoni mwa kanisa, apitaye asome jinsi ulivyokuwa mtu wa watu. Hii haitabandikwa. Mdogo wako Tobia ndiye anayeandika, na mkeo Paskalina amesimama nyuma yake akisoma kila neno kabla wino haujakauka. Viatu vya askari vikisikika njiani, kalamu inasimama. Usitushangae. Wewe uliuacha mji huu umetulia, lakini miezi mitatu baada ya kukuzika vita vya Wajerumani na watu wa pwani vilianza, na tangu hapo hatujalala usingizi wa kuridhisha.

Ulikuwa seremala, na milango ya vituo vya misheni kuanzia Vigwaza hadi ng'ambo ya Wami imepita mikononi mwako. Ulikuwa na tabia moja ambayo mkeo aliicheka tangu arusi: hukuweza kuacha kitu bila kukiandika. Kila ubao uliukwaruza kwa msumari, huu wa wapi, unakwenda wapi, upande gani juu. Hata kitanda chenu kina maandishi yako chini, "kichwani, upande wa dirisha", kana kwamba mlipotea humo siku moja.

Kisha Bruda mmoja wa misheni aliyekuwa mgonjwa akarudi kwao, akakuachia sanduku lake la picha, dawa zake, na vioo vya kupigia. Paskalina alisema umeoa mke wa pili mwenye miguu mitatu. Ulicheka, na safari iliyofuata ulimbeba mke huyo begani pamoja na misumeno yako.

Vioo kumi na viwili vya kwanza uliviharibu vyote, na tunakikumbuka kisa hicho kwa sababu ndicho kilichotuponya. Kitabu cha Bruda kilisema picha ioshwe kwa maji safi. Hakikusema maji ya baridi, maana kiliandikwa kwa watu ambao maji yao yote ni ya baridi. Wewe ukaviosha katika pipa lililokuwa juani tangu asubuhi. Picha zikabanduka mbele ya macho yako, zikaelea pipani kama utando wa maziwa. Nusu ya misheni ilikuwa pale kuziona, na Muhidini, kijana wa mjini aliyekuwa akija kujifunza kusoma, akakuita Fundi Maji Moto. Jina likakuganda. Tangu siku hiyo uliosha vioo vyako kwa maji ya mtungi wa udongo uliokaa kivulini, na hakuna aliyeruhusiwa kuchota kikombe humo, hata awe na kiu vipi.

Ulikuwa unatuchukua sote. Ukienda kutengeneza madawati, mkeo na binti yako Natalia walikuwa nyuma yako, na kazi ikisimama kidogo wewe unasimamisha miguu mitatu. Ulimpiga picha kiboko wa Ruvu, naye akatikisika, akatoka kama jivu lililomwagika. Uliwapiga ndege heroe kwenye madimbwi ya chumvi karibu na Saadani, mia kwa mia, wamesimama kwa miguu yao myembamba. Ulipiga mti ulioangushwa na tembo, na Natalia amekaa juu yake akila muhogo. Karatasi za kuzihamishia picha hukuwa nazo, kwa hiyo zilibaki kwenye vioo, nyeusi ikawa nyeupe na nyeupe nyeusi. Lakini wewe ndiwe uliyegundua kwamba kioo kikilazwa juu ya kaniki, kile kitambaa cheusi, kikainamishwa kidogo, nyuso zinarudi kuwa zetu. Pembeni mwa kila kimoja ukakwaruza kwa msumari namba yake, mahali, majina ya watu, na njia ya kufikia. Ndivyo ulivyozoea na mbao.

Namba kumi na saba ni ya masika ya mwaka 1887. Natalia alishikwa na homa njiani, mvua haikatiki, na Mwinjuma mchemsha chumvi akawakuta chini ya mti akawapeleka kwake. Jina la Mwinjuma tunaliandika kwa kuwa akina Mwinjuma ni wengi pwani. Jina la mahali tunalimeza. Siku tisa mkewe Mwajabu alimlea mtoto wenu kama wake, akimnywesha uji kwa kijiko, wewe ukishinda mlangoni huna la kufanya na mikono yako. Siku ya kumi Natalia aliomba ndizi. Siku ya kumi na moja ulisimamisha sanduku, na kwa mara ya kwanza na ya mwisho ukampa yeye kifuniko cha jicho la sanduku. "Nikisema fungua, ufungue. Nikikohoa, ufunge," ukamwambia. Ukaenda ukasimama katikati ya watu wa nyumba ile, mkono wako begani kwa Mwinjuma. Nyuma yenu ni mlango wa kijito, na ile mikoko miwili iliyoinamiana.

Mwajabu alipoonyeshwa kioo akasema, "Mbona mmenigeuza Mzungu?" Akacheka mpaka akakaa chini.

Hiyo ndiyo picha yako pekee, Oswaldi. Nyingine zote wewe ulikuwa nyuma ya sanduku. Tangu tukuzike, kila Jumapili baada ya Misa Natalia alitandika kaniki mezani, akakilaza kioo, akakuamkia. "Shikamoo baba." Mkeo alijifanya ana kazi jikoni, lakini alikuwa akisikiliza.

Mwezi uliopita, siku ya Jumatano, afisa mmoja wa Kijerumani alisimama mlangoni. Muhidini alikuwa naye, sasa ni mkalimani wao. Paskalina alidhani wamemfuata Tobia, kama walivyowachukua vijana wengine.

"Mama Natalia," Muhidini akasema, "bwana anavitaka vioo vya marehemu. Vyote ishirini na vinne. Ameambiwa vinaonyesha pwani ya Saadani, na kwamba marehemu aliandika njia pembeni. Ijumaa saa nane tunakuja kuvichukua."

"Picha za ndege hizo," mkeo akasema. "Za kiboko."

"Amesema vyote. Akikuta pengo atauliza liko wapi, na hatauliza kwa upole."

Walipokwenda, Paskalina alikitoa kioo cha kumi na saba akasoma maandishi yako. Kutoka wapi, saa ngapi kwa miguu, mkono upi wa kushika penye madimbwi; hapa hatuyanakili. Mwinjuma, Mwajabu, watoto wanne. "Uliandika vizuri mno, mume wangu," alisema, na tunayaandika maneno yake kama alivyoyasema. Wiki moja kabla, mchuuzi wa ng'onda, wale samaki wakavu, alituletea salamu kutoka huko: Mwinjuma mzima, lakini nyumba imejaa wanawake na watoto waliokimbia vita, wanalala hadi kwenye banda la chumvi. Hawana bunduki. Lakini nani angewauliza kabla ya kufyatua?

Siku mbili mkeo hakulala. Hakula. Alimwogopa afisa, alimwogopa Muhidini, aliogopa Natalia asije akatamka neno kisimani. Tobia alisema afute maandishi tu. Lakini kijito kilionekana pichani, na mikoko ile kila mvuvi wa Saadani angeitambua. Akasema tukizike kioo bustanini. Paskalina akamwuliza, "Na wakihesabu, wakapata ishirini na tatu, watamchukua nani, shemeji? Si wewe?" Tobia akaliweka jembe chini. Aibu aliyoiona siku hiyo anayo mpaka leo, kwa sababu alifarijika aliposikia hakitazikwa.

Jambo la kufanya Paskalina alilijua tangu Jumatano. Alichoshindwa ni mikono. Ijumaa saa nne ya asubuhi alitoa beseni kubwa uani, juani, akalijaza maji, na kwa kuwa hakuweza kulingoja jua akaongeza maji ya moto ya jikoni. Alianza na kiboko, maana kioo kimoja kitupu peke yake kingetusaliti. Kisha heroe, kisha mti wa tembo. Kila kimoja alikiacha kidogo, utando ukalegea, akausugua kwa kidole gumba, kioo kikabaki kitupu. Natalia alivipokea akavipanga ukutani vikauke.

Kilipobaki kimoja, Paskalina akaleta kaniki. Mlikaa mezani kidogo, ninyi watatu. Kisha akamwambia mtoto, "Mwangalie sana." Natalia akaangalia. "Wale ndio walionipa uji," akasema. "Haya, mama."

Ulikwenda polepole, Oswaldi. Ulianza kubanduka miguuni.

Saa nane walikuja. Afisa alikiinua kioo cha kwanza dirishani, cha pili, cha tano, cha ishirini na nne. Vyote viliwaka kwa jua tupu. Akasema neno kwa sauti ya chini, na Muhidini akatafsiri: "Anauliza picha ziko wapi."

"Mwambie joto limezila," Paskalina akajibu. "Mwambie marehemu hakuwa fundi."

Beseni lilikuwa bado limeegemezwa ukutani uani, na kwenye ukingo wake kilikuwa kimenata kipande cha utando, kidogo kama ukucha, cheusi. Muhidini alikiona. Paskalina alimwona akikiona. Tobia, aliyekuwa mlangoni, alianza kumwomba Bikira Maria bila sauti, akasahau maneno.

Muhidini alitembea hadi kwenye beseni, akaliinamia, akapitisha kidole gumba ukingoni kama mtu anayefuta vumbi. Kisha akaanza kusimulia kwa Kijerumani, kirefu. Hatukuelewa ila maneno matatu aliyoyasema kwa Kiswahili, "Fundi Maji Moto". Akaonyesha kwa mikono pipa, jua, vitu vinavyoelea. Afisa alimtazama, akatazama vioo, kisha akacheka kidogo kwa pua. Akavisukuma mezani kwa ncha ya fimbo yake, wakaenda zao. Mlangoni Muhidini aligeuka akasema, "Kwaheri, mama Natalia."

Kwa nini alitufichia, hatujui. Hatujamwuliza. Tukimkuta njiani tunamwamkia, naye anaitikia, na tunatembea haraka mpaka tufike kona. Hatujui pia kama Mwinjuma na watu wake bado wako salama. Tangu mizinga iliposikika kaskazini mwezi huu, mchuuzi wa ng'onda hajarudi. Tunachojua ni kwamba kama ubaya umewafika, haukuonyeshwa njia kwa mkono wako.

Sasa tunaogopa jambo jingine, na hili tunakwambia wewe tu. Juzi tumegombana kuhusu kovu lako. Paskalina alisema lilikuwa juu ya jicho la kulia, Tobia akaapa ni la kushoto. Mwaka mmoja tu, na tayari tunakugawa vibaya. Mkeo alitoka uani akalia kwa sauti, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya mazishi.

Jana, Jumapili, Natalia alitandika kaniki kama zamani, akalaza juu yake kioo kitupu. Hatukumkataza. Akainama, akakaa hivyo muda mrefu. Kioo juu ya kitambaa cheusi kilimrudishia uso wake mwenyewe. "Mama," akasema, "pua yake ipo. Na hapa kwenye kidevu." Tukaenda kuangalia, mmoja baada ya mwingine, na ilikuwa kweli.

Basi tumegawana. Natalia, binti yako, ameshika pua na kidevu. Tobia, mdogo wako, ameshika sauti na kile kikohozi chako cha kumwambia mtu afunge. Paskalina, mkeo, ameshika mikono yako yote miwili, na kovu, ambalo amesema litakuwa la kulia mpaka mtu athibitishe vinginevyo. Mwajabu na Mwinjuma, kama Mungu amewaweka, wanakujua ulivyosimama siku ya kumi na moja.

Raha ya milele akupe Bwana. Hapa ndani, mlango ukiwa umefungwa, tutakukumbuka kwa zamu maisha yetu yote, na mmoja wetu akianza kusahau, mwingine atamshikia.