Maelezo ya Yakub Nabende Kuhusu Mstari wa Kadija

KITUO CHA POLISI, KITALE
Tarehe 15 Juni 1989, saa nne asubuhi

Jina: Yakub Nabende, mashuhuri kama Kampala
Umri: Miaka 52
Kazi: Fundi wa baiskeli, zamani dereva wa lori
Makao: Tuwan, Kitale. Nyumbani ni Naitiri, Bungoma
Elimu: Darasa la sita, na barabara

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimekuja mwenyewe, sikuitwa. Nimeendesha lori mpaka Juba na Bujumbura, nimeshikwa na askari wa nchi nne, kwa hivyo mbele ya afande sitetemeki. Koplo ameniambia niache hayo, nieleze ya jana.

Mnamo mwezi wa tano mwaka huu, Kimutai, mwanafunzi wa chuo kikuu huko Nairobi, alifika kwangu kuziba pancha. Alisema anafanya utafiti juu ya serikali na miji, na vile mwananchi wa kawaida anashirikishwa kwa mipango. Huku Tuwan alitaka kujua kama watu wanakubali vibanda vya barabarani vihamishwe. Hakuwa na mahali pa kulala. Nikamwambia, "Kijana, hoteli ya nini na Kampala yuko?" Alilala kitanda changu, mimi na mke wangu Zulekha tukalala chini. Nilimtembeza Tuwan yote nikimwita profesa wangu.

Kazi yake ilikuwa haiendi. Alikuwa anauliza mtu, "Unakubali sana, unakubali kidogo, huna maoni, unakataa kidogo, ama unakataa sana?" Watu wanamwangalia tu. Mukhisa, anayeuza makaa, alimjibu, "Kukataa kidogo ni kukataa aje? Nikatae na mguu mmoja?"

Mnamo tarehe 14 Juni, siku ya Jumatano, kama saa tano asubuhi, nilimwambia Kimutai, "Hawa watu mwaka jana walipiga kura ya mlolongo. Wapange nyuma ya mtu, utapata jibu kabla chai ipoe." Alifurahi sana. Akasema, "Mzee Kampala, fanya hivyo. Nitasimamia mimi." Maneno haya aliyasema mbele ya kibanda changu na Mukhisa alisikia.

Wanaotaka vibanda vihame niliwaambia wasimame nyuma ya Mukhisa. Wanaokataa, nyuma ya Kadija, mama mandazi. Kadija hakutaka. Alisema, "Yakub, si unaona nina mafuta motoni? Tafuta mwingine bana." Nikamwambia, "Mama, ni kusimama tu. Hata mlingoti wa bendera unaweza hiyo kazi." Akacheka, akaepua karai, akaja na mikono ya unga. Nilimchagua kwa sababu anajulikana na kila mtu. Mambo ya siasa hayakuwako.

Nyuma ya Mukhisa walisimama shemeji yake na mlevi mmoja. Mstari wa Kadija ulifika msikitini ukapinda. Watu wakaanza kelele, "Mukhisa, rudi kwa makaa, umeanguka!" Kimutai alikuwa anapiga picha huku akirukaruka, ati hajawahi kuona utafiti mtamu namna hii.

Ndipo askari wa utawala walifika. Mkubwa wao aliuliza ni nani ameitisha mkutano bila leseni, na kiti kinachogombewa ni kipi. Nilikuwa nafungua mdomo. Kimutai alinitangulia. Alimwonyesha Kadija kwa kidole akasema, "Huyu mama ndiye kiongozi wao. Mimi nilikuwa napita tu." Akaulizwa juu yangu. Akasema, "Huyu simjui." Alisema hivyo akiwa amevaa koti langu, sababu asubuhi kulikuwa na baridi.

Nilikosa maneno. Mimi, Kampala! Kabla niyapate, Kadija alikuwa ndani ya landrova. Hakunitukana. Aliniambia tu, "Angalia watoto." Wako kwangu mpaka sasa.

Jioni Kimutai alikuja kuchukua begi. Nilimwuliza, "Kijana, nilikukosea wapi?" Alisema, "Mzee, elewa. Wakinishika, masomo yangu yamekwisha. Huyo mama watamwachilia tu." Zulekha alikuwa amemwekea chakula kabla ajue habari. Alikula.

Koplo amenionya kwamba nikisema hivi, kesi inaweza kunigeukia. Najua. Andika: mstari niliupanga mimi, Yakub Nabende, na Kimutai ndiye aliyeutaka. Kadija alisimama mahali nilipomwambia asimame, basi. Andika pia kwamba yule kijana nilimpenda kama mtoto wangu, hata kama hiyo haisaidii kesi.

Hayo ndiyo niliyoyaona na niliyoyafanya. Nimesomewa, nimeyakubali, hakuna aliyenitisha.

Sahihi: Y. Nabende (Kampala)

Maandishi ya afisa: Maelezo nimeyachukua mimi, Koplo Kang'ethe. Nilimwuliza shahidi mara mbili kama angependa kuondoa sehemu ya kupanga mstari. Alikataa. Kadija Hashim ametolewa ndani saa nane alasiri. Shahidi amewekwa ndani wakati huo huo. Walipishana mlangoni, sikuwazuia kusalimiana.