Kitunguu Saumu na Majibu Niliyokupa

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi zikufikie wewe, shemeji na watoto. Hamjambo? Na kile kiungulia chako, kimepungua? Mimi nashona, nakula, nashukuru. Mengine utayasoma huku chini.

Kazi ipo, ila harufu yangu inakimbiza wateja. Nikiinama kumpima mtu shingo, anageuzia uso ukutani. Juzi bibi harusi mmoja aliniuliza kama cherehani nimeiweka jikoni. Nilicheka, lakini sijaacha: punje mbichi ya kitunguu saumu kila asubuhi, na vitunguu maji tele kwenye mboga, kama tulivyokubaliana baada ya kumzika mama.

Unakumbuka daktari wake alituambia sote wawili tukapimwe tumbo, kwa kuwa saratani ya tumbo iliyomuua huweza kuwaandama wa damu moja. Tukapanga nitangulie mimi mkubwa. Nilipokupigia simu kwamba niko safi, ulishangilia. Ulisema damu yetu ni moja, saumu tunakula sote, basi imefanya kazi, na wewe huna haja tena ya kumeza mpira wa kamera. Nami nikakuitikia.

Wiki iliyopita nilitapika damu dukani, juu ya kitambaa cha mtu. Hospitali wameona uvimbe tumboni, wakakata kipande kidogo cha nyama wakakipime, nangoja majibu. Nilimuuliza daktari kuhusu saumu. Alisema zipo tafiti zinazoonyesha kwamba walaji wazuri wa vitunguu na saumu huenda wasipatwe sana na saratani ya tumbo, ila uhakika bado haujapatikana. Tule tu, lakini chakula hakishiki nafasi ya kipimo. Kisha akaniuliza mara ya mwisho nilipimwa lini.

Mdogo wangu, siku ile sikupimwa. Nilifika mpaka mlangoni, nikamwona mgonjwa akitolewa huku anakohoa na kulia, hofu ikanishika, nikageuza. Niliona haya kukwambia kwamba dada yako, mtu mzima, amekimbia. Nikakudanganya, nawe ukakaa na maumivu yako kwa kuniamini. Roho inanisuta mno.

Najua utanikasirikia, na ni haki yako. Ila usianze leo. Leo nenda ukapimwe. Hasira zako nitazipokea zote ukishatoka.

Nisalimie watoto, waambie mama yao mkubwa anawapenda.

Ni mimi,
Dada yako