Dawa za Mama, Asubuhi na Jioni

Dada Mwasiti,

Shikamoo. Nimeona nikuandikie kwa sababu kwenye simu mimi na wewe hatufiki mbali. Nikianza jambo moja narukia la pili, wewe unaguna, mtandao wa huko Mwamgongo unakatika, na kila mtu anabaki na hasira zake. Karatasi haina haraka. Ukimaliza kusoma msomee shemeji, na mama mwenyewe asikie. Hata jirani akitaka kusikiliza, asikilize, sina siri.

Jambo lenyewe ni mama. Daktari alisema presha yake haitaki tena safari za boti kila mwezi, akae karibu na hospitali. Mimi nikasema aje kwangu Gungu. Maneno uliyonijibu ninayo mpaka leo: "Sharifa, dawa si kifungo cha shati. Ukisahau kifungo, mteja atarudi. Ukisahau dawa, mama harudi."

Nilikata simu nikalia. Baadaye nikajiuliza kama umenionea. Hukunionea, dada.

Unakumbuka tulivyokuwa tukianika dagaa Katonga, wewe mwanzo wa mchanga, mimi mwisho? Ulikuwa unapaza sauti, "Sharifa, geuza!" nageuza. "Sharifa, funika!" nafunika. Wanawake wakanisifu kwamba mtoto huyu mchapakazi. Hakuna aliyejua kuwa nusu ya kazi yangu ilikuwa sauti yako. Nikiachwa peke yangu, nageuza mstari wa kwanza, naona kamba ya turubai imelegea, nakwenda kutafuta kisu, njiani nakuta watu wanasukana, nakaa nasukwa na mimi. Mama alikuwa anacheka, siku nyingine alinichapa, na mwisho akanipeleka Ujiji kwa shehe ninywe kombe, yale maji ya aya, siku saba. Siku ya tano nikasahau kwenda.

Siku ile ya mvua hatujawahi kuizungumza. Wale dagaa walikuwa wa safari yako ya kwanza ya treni kwenda kuuza Tabora, na wewe ulikwenda stesheni kukata tiketi. Wingu likatokea upande wa Kongo. Nililiona, dada, nililiona mapema kabisa. Nikasimama niwakusanye, nikamwona Bi Tausi na mgongo wake mbovu anahangaika peke yake, nikamkimbilia. Nilipomaliza kwake nikamwona mwingine, halafu mwingine. Niliokoa dagaa wa wanawake watatu. Wetu walikuwa nyuma ya mgongo wangu, na kwangu mimi kitu kilicho nyuma ya mgongo ni kama hakipo duniani. Nilipogeuka walikuwa wanaelea.

Ulirudi na tiketi mkononi. Hukunipiga, na afadhali ungenipiga. Ulisema tu, "Wewe si mtu wa kuachiwa kitu," ukainama ukaanza kuokota. Bi Tausi naye akawa ananiombea dua kwa sauti mbele yako. Miaka kumi na tisa imepita na hujaniachia hata sufuria jikoni.

Mwaka jana nilikwenda hospitali kwa sababu ya kukosa usingizi. Daktari, msichana mdogo tu, akaacha habari za usingizi akaanza kuniuliza mengine. Je, unaanza mambo huyamalizi? Nikamwambia aje kibandani ninakoshonea akahesabu mashati yasiyo na kola. Je, ulikuwa hivi tangu utotoni? Nikamsimulia Katonga. Nilirudi kwake mara tatu, akanipimisha na kuniuliza sana, kisha akasema ninacho kitu kinachoitwa ADHD. Ubongo unashindwa kuchagua lipi lianze, na haupimi muda kama wa wenzangu. Nimezaliwa nacho. Si uvivu, si jini, si dharau. Nilifurahi siku mbili. Siku ya tatu nikagundua kwamba jina la tatizo halishoni nguo.

Basi nikaanza kujipanga, na hapa naomba unisome polepole. Kibandani sasa kuna kitambaa kimoja tu mezani. Vingine vyote viko ndani ya sanduku lenye kufuli, na ufunguo anao Mama Espe, yule mama wa Kirundi anayeuza maandazi ng'ambo ya barabara. Nikitaka kitambaa kingine lazima nimpelekee nguo iliyokwisha aione. Ananiuliza, "Warangije?" yaani umemaliza? Anavuta na mshono kuona kama utaachia. Wateja wanadhani ni bosi wangu.

Kengele ya simu haikunifaa. Ikilia naizima, kisha nasahau ilikuwa inalilia nini. Kwa hiyo siku yangu naikata kwa adhana. Kabla ya adhuhuri nakata, baada ya adhuhuri nashona, baada ya alasiri napiga pasi na kupokea watu. Kazi za siku naziandika mlangoni kwa chaki ya kukatia, tatu tu, kwa sababu nikiandika ya nne nakaa naziangalia zote na siifanyi hata moja. Nilijaribu pia kujidanganya, mteja namwambia Jumatano, mwenyewe najiambia Jumatatu. Haikufaa, kwa sababu mwongo namjua. Sasa hiyo Jumatatu yangu namwambia Mama Espe, naye hana utani.

Sijawa mtu mwingine. Mwezi uliopita nilikata mikono miwili ya kushoto ya gauni moja. Lakini gauni lilitoka siku yake, na mtu alilivaa.

Tena kuna hili ambalo sijakwambia. Baada ya ile simu yako nilichukua kikombe cha bati cha mama, kile alichokiacha alipokuja mara ya mwisho, nikakiweka juu ya mfuniko wa ndoo ya maji ya kunywa, maana maji siwezi kuyachota bila kukisogeza. Kila asubuhi kabla ya chai natia punje moja ya mahindi, badala ya kidonge cha mama. Kila magharibi natia nyingine. Nilisema nitafanya hivyo siku arobaini. Kila punje niliitilia alama mlangoni. Jana nilizimwaga mkekani mbele ya Mama Espe tukazihesabu. Zilitakiwa themanini. Ziko sabini na saba.

Ningeweza kuongeza tatu, na wewe usingejua. Mbili nilizikosa wiki ya kwanza. Ya tatu ni jioni niliyokuwa nashona sare za harusi, nikaja kukumbuka kumekucha. Niliogopa sana asubuhi ile, dada. Nilikaa nimeshika kikombe nikaona ndiyo haya uliyokuwa unayasema. Ndipo nikamwomba Mama Espe awe anakuja kunywa chai kwangu kila magharibi, na chai haimiminwi kabla ya punje kuingia kikombeni. Tangu siku hiyo ni siku ishirini na tatu, na haijakosekana hata moja.

Najua mama si kikombe. Mama atasema dawa chungu, atasema ameshakunywa, atataka kurudi kwa kuku wake. Na sikwambii kwamba nitamtunza peke yangu, kwa sababu peke yangu siwezi. Nakwambia nimejua siwezi, na nimejua nifanye nini. Nami namtaka mama, Mwasiti. Miaka yote hii umekuwa naye wewe.

Msalimie sana shemeji. Mwambie mama kitanda chake nimekiweka upande wa dirisha, kina neti mpya.

Alhamisi ijayo ni kliniki yake, na najua mtakuja na boti ya alfajiri. Ikikaribia Kibirizi, kabla hujamshika mama mkono, inua uso uangalie ufukweni. Ukiniona nimesimama, nikabidhi mfuko wa dawa zake. Usiponiona, mpeleke kliniki kama siku zote, urudi naye Mwamgongo, nami sitaomba tena.

Mdogo wako,
Sharifa