Mstari Usiorudi

Ruangwa, 9 Agosti 1952

Mdogo wangu Kornelia,

Mimi mzima, ila kichwa kimevurugika. Sista mgeni kutoka Ufaransa amenipa shairi la kwao la kumwomba Bikira Maria, ili nilifasiri kwa Kiswahili, watoto wa shule waliimbe. Alilisoma, nami nikahesabu mizani kwa vidole: nane kila mstari. Vina vinapokezana vizuri. Kila ubeti unafungwa na mstari uleule, "Mama yangu, nitazame." Isipokuwa ubeti wa mwisho. Pale mstari haurudi!

Nikamwambia, "Sista, umesahau kibwagizo." Akasema hajasahau, ndivyo lilivyotungwa. Sasa shairi gani hilo? Siku ya tatu leo nalihesabu.

Ufuta mmemaliza kuvuna? Shemeji amepata kazi nyingine, tangu wazungu wa mashamba ya karanga waondoke Nachingwea?

Jana nilizitoa barua zako zote, nikazisoma moja moja. Kila moja umeifunga na "Mama anakusalimu." Hii ya juzi haina. Unaniita tu nije nyumbani Marambo upesi, na husemi kwa nini.

Niandikie kwamba ulisahau, Kornelia.

Kaka yako,
Eusebio