Ugonjwa Wanaosema Hauko Huku Juu

Mama Chebet,

Umekufa. Umekufa na kala-azar. Tumekuzika nyumbani Merigi, juu ya shamba la mahindi. Sasa Chebet ana homa na mimi naogopa. Sina mwingine wa kuambia.

Unakumbuka kule kwa dada yako, Baringo? Nilikuja kuwachukua nikawapata nyuma ya jikoni, umeegemea kichuguu, Chebet amelala kwa miguu yako. Nikasema, "Chai imejaa kwa shamba na wewe umekaa hapa kama bibi ya chifu." Ukasema, "Baba Chebet, wacha wivu. Kaa, hapa kuna kivuli." Nikakaa. Jioni tukaumwa na vidudu vidogo vya kutoka kwa hicho kichuguu, hata haviimbi kama mbu. Ukanicheka nikijikuna.

Tukarudi kambi ya wafanyakazi wa chai. Homa ikaanza, ikaisha, ikarudi. Ukakonda, tumbo ikabaki, upande wa kushoto ngumu. Zahanati wakakupa dawa ya malaria, halafu ya taifodi, halafu malaria tena. Dada yako akatuma neno, kwao hiyo inaitwa kala-azar. Nikamwambia daktari. Akacheka, hata hakuuliza kama tulifika huko. "Mzee, hiyo ni ya Baringo. Vitabu vyote vinasema huku kwa baridi hakuna."

Hospitali kubwa ndio waliiona. Ulikuwa umebaki mifupa.

Baada ya mazishi alikuja mama mmoja kutoka hiyo hospitali, daktari wa utafiti. Alikunywa chai yetu. Nikamuuliza, "Mlijuaje huku hakuna?"

"Baba, sisi tunatajana. Nikiandika, namtaja aliyeandika kabla yangu. Yeye anamtaja wa kabla yake. Nimefuata mpaka wa kwanza."

"Huyo alipima watu wetu?"

"Hakufika huku. Alidhani tu, kwa sababu ya baridi. Wengine wote wakamtaja."

"Na hakuna mtu ameiona?"

Akaangalia kikombe. "Mmoja alipata mgonjwa huku juu, akaandika. Hakuna amemtaja."

Nikakumbuka ile chai iliyokatwa, ikaanza kuota, tukaambiwa kila mtu akate fito ya kupimia urefu kutoka chini. Mimi nilipima yangu kwa ya jirani, jirani kwa ya mwenzake. Supervaisa akakuta mstari wote umechumwa chini sana, akatufukuza siku hiyo. Wewe peke yako ulikuwa umeenda kupima kwa fito ya supervaisa mwenyewe. Ukaniambia mbele ya watu, "Si mmepotea pamoja, mrudi pamoja!" Wanaume wakacheka, hata mimi. Sasa sicheki.

Nikamuuliza huyo daktari, "Na mke wangu mtamtaja?"

"Nitamuandika. Kama watanisoma, sijui."

Ndio Chebet akashikwa na homa. Nilikaa nikimwangalia. Sikutaka kumshika tumbo. Nikashika. Kushoto, ngumu, kama yako.

Zahanati wakasema malaria. Mama Chebet, unajua mimi siwezi kubishana na mtu wa koti nyeupe. Nikasema, "Huyu alilala kwa kichuguu Baringo na mama yake, na mama yake amekufa. Sitoki hapa." Nikakaa kwa benchi. Akasema, "Mzee, unafungia watu njia." Nikasema wapite juu yangu. Mwishowe wakaandika twende hospitali kubwa.

Wamemtoa maji ya mfupa. Alilia akiita jina lako. Majibu bado. Yule daktari wa utafiti anasema ikiwa ndiyo, atadungwa kila siku muda mrefu, lakini ikishikwa mapema mtu anapona. Nikamuuliza hii ni mapema? Akasema anafikiri hivyo. Anafikiri. Hiyo neno haitoki kwa kichwa yangu.

Chebet ameniuliza, "Baba, hii ni ile ya mama?" Nikamwambia amalize uji.

Mama yako amebaki naye wodini. Mimi kazini wamekataa kuniongeza ruhusa, na nikifukuzwa nyumba ya kambi inaenda, na Chebet akipona atarudi wapi. Kama kuna mtu huko unaweza kumwambia kitu, mwambie.

Kaa vizuri. Kesho narudi kazi.

Baba Chebet