Vidonge Vyako vya Mgongo

Baba Ewoi,

Nimelala bila kidonge. Asubuhi nimeamka mwenyewe, kichwa chepesi, na jogoo wa jirani ananiudhi kama anavyoudhi watu wote hapa Kakuma. Nilitaka kumwambia mtu. Mwanao yuko Eldoret na mitihani yake. Mama Sifa, mwenzangu wa sokoni, amekwenda kanisani. Nikakaa kitandani, upande wangu, nikaona ni wewe tu. Mambo yangu ni wewe niliyezoea kukuambia kwanza, hata yale ya kipuuzi.

Mengi huyajui, maana yalianza baada yako. Siku ile ulipovuka laga, ule mto wa mchanga, pale Lodwar na pikipiki na vipuri vya pampu ya watu wa Kataboi, jua lilikuwa linawaka. Mvua ilinyesha mbali, huko milimani. Watu walioona wanasema mchanga ulikuwa mkavu, halafu maji yakaja yamesimama kama ukuta. Walikupata chini kabisa, umekwama kwenye mizizi. Watu walikuja kulia, nikawapikia chai.

Usingizi ukakataa. Nikifumba macho nasikia maji. Kliniki wakanipa diazepam, vidonge vya kutuliza, wakasema ni za siku chache, mpaka nipate nguvu. Baba Ewoi, zilinisaidia. Sitazisema vibaya. Nilikuwa nameza na kuzama kama jiwe kisimani. Lakini siku chache zilipita, mazishi yakapita, matanga yakaisha, na mimi bado naenda duka la dawa na kuuziwa bila kuulizwa. Nikahamia Kakuma ili nisiisikie tena ile laga. Nauza samaki wakavu sokoni, katika kambi ya wakimbizi, kando ya Mama Sifa, Mkongomani anayeuza unga wa muhogo. Vidonge navyo vikahama pamoja nami.

Mwaka uliofuata nilianza kuwa mtu mwingine. Namwambia mteja bei, nasahau, namwambia nyingine. Siku moja Ewoi alikuwa ananieleza habari za chuo kwenye simu, nikalala katikati ya maneno yake. Alinipigia tena, akaniambia, "Mama, hata nikikupigia hupo. Nimebaki na nani?" Hilo ndilo lililonipeleka kliniki hapa Kakuma.

Daktari wa hapa ni mwanamke mdogo, mpole, anaitwa Nekesa. Nilimwambia nataka kuzitupa zote chooni siku hiyohiyo. Akashtuka. "Usithubutu, mama. Mwili umezizoea. Ukizikata ghafla unaweza kupata kifafa, hata kufa. Tutapunguza kidogo kidogo, na usiwe na haraka." Akanionyesha namna ya kukata kidonge.

Hakuna aliyeniambia nitaumwa hivyo. Au labda waliniambia, sikusikia. Shingo ilikaza kama gogo. Taya, mabega, miguu, vyote viliwaka. Mwanga wa jua ukawa unanichoma macho, na unajua jua la huku. Moyo ulikuwa unakimbia nimekaa tu na samaki zangu. Chakula kikawa kama mchanga mdomoni. Mama Sifa alikuwa ananiletea uji wa muhogo, ananisimamia, "Kunywa, Mama Ewoi, weye unakauka!" Akigeuka, namwaga.

Ndipo nikaenda kwenye koti lako.

Sikuwa nimeligusa. Lilikuwa bado linanuka grisi. Mfukoni nikakuta vidonge vyako vya mgongo, zile diklofenaki ulizokuwa ukimeza ukitoka kuinua mabomba. Ulikuwa unalala kifudifudi, nakusugua mafuta, unasema, "Hizi ni mkono wa pili, Mama Ewoi. Mkono wa kwanza ni wako." Nikameza kimoja. Nikuambie ukweli? Maumivu hayakupungua sana. Lakini nilikuwa nimemeza kitu chako, na kwa muda kidogo nyumba haikuwa tupu. Kesho yake nikameza tena. Vilipoisha nikanunua vingine vya aina hiyohiyo, nikavitia katika mfuko uleule wa koti, ili nivitoe humo.

Sikumwambia Daktari Nekesa. Ningemwambiaje? Angesema ni dawa tu.

Tumbo likaanza kuuma juu hapa, chini ya kifua. Nikadhani ni njaa. Nikameza juu ya njaa hiyo. Choo kikawa cheusi kama lami. Sikujua kwamba ile ni damu. Halafu siku moja nimesimama napimia mteja samaki, soko likazunguka, nikaanguka juu ya meza. Nakumbuka mkono wa Mama Sifa chini ya kichwa changu na sauti yake: "Niangalie miye! Usifunge macho, niangalie miye!" Akanipakia kwenye bodaboda, yeye nyuma yangu amenishika kama mtoto, mpaka kliniki. Kliniki wakaniweka kwenye ambulensi, hospitali ya Lodwar moja kwa moja.

Kwa hiyo nilirudi Lodwar nikiwa nimelala, bila kuiona njia.

Walinitia damu ya watu nisiowajua. Nilipopata nguvu, daktari mzee wa pale aliketi kitandani, akaniuliza nimekuwa nikitumia nini. Nikataja diazepam. "Na kingine?" Nikageuzia uso ukutani. "Mama, mimi si polisi." Nikamwambia vidonge vya mgongo. Sikumwambia vya nani.

Nikamuuliza kama ni hizo mbili zilizogombana ndani yangu. Akatikisa kichwa. "Si ugomvi wa hizo mbili. Watu wengi wanapunguza diazepam na wanameza dawa ya maumivu ya aina hii siku chache, wakiwa wameshiba, chini ya uangalizi, na hawadhuriki. Wewe umemeza kila siku, tumbo tupu, bila maji, katika joto hili. Imekutoboa vidonda tumboni. Figo nazo zimeanza kulia." Akaendelea polepole, kama mtu anayefundisha njia. Alisema dawa zile ni za uvimbe, na mimi sikuwa na uvimbe. Ni mishipa ya fahamu iliyokuwa inalalamika kwa kunyimwa ilichozoea, ndiyo maana hazikunifikia nilipoumwa. Alisema pia ubongo wa mtu anayeachishwa diazepam hushtuka upesi, kwa hiyo nisiongeze dawa yoyote, hata ya duka, hata ya jirani, bila kuuliza. Kwa sasa parasetamol, kwa kipimo, basi. Kitambaa cha moto shingoni. Maji. Na diazepam tupunguze taratibu zaidi kuliko mwanzo. "Hujashindwa," akasema. "Ulikwenda mbio kidogo, na ulikwenda peke yako."

Hilo la mwisho nililisikia hadi mifupani.

Ewoi alifika na basi la kutoka Kitale, vumbi la Kainuk bado liko kwenye nyusi zake. Ameota ndevu, Baba Ewoi. Ukimwona kwa pembeni ni wewe. Alikaa anakunja na kukunjua kofia yake, halafu akaniuliza bila kuniangalia: "Mama, ulikuwa unamfuata Baba?"

Nikasema hapana. Nikasema nilitaka maumivu yapungue tu.

Lakini alipotoka kwenda kuninunulia maziwa, nilijiuliza tena swali lake. Sikuwa nataka kufa. Nilikuwa sijali sana kuishi, na sikujua kwamba hayo mawili yanaweza kukufikisha mahali pamoja. Aliporudi nikamwambia hivyo hivyo. Alilia. Sikuwa nimemwona akilia tangu akiwa mdogo. Hata kwenye kaburi lako alisimama kama nguzo. Nikamvuta, akaweka kichwa pale pale nilipotobolewa mishipa ya dripu, nikauma meno nikamwacha.

Siku waliponiruhusu nilimwomba anipeleke kwenye laga. Hakutaka. Tukaenda. Hakukuwa na maji, Baba Ewoi. Mchanga tu, na nyayo za mbuzi. Wanawake walikuwa wamechimba visima katikati, mmoja yuko ndani anachota na kibuyu. Akatusalimia, "Ejok?" Nikajibu, "Ejok-nooi," na sauti yangu ikanishangaza kwa kutoka nzima. Akatupa maji tunywe. Nilikunywa. Nilidhani sitaweza.

Nimerudi Kakuma. Sasa Daktari Nekesa anajua kila ninachotia mdomoni, hata majani ya dawa ya Mama Sifa. Koti lako amelichukua Ewoi, maana Eldoret kuna baridi. Kuacha vidonge kumechukua miezi. Kuna wiki tulisimama bila kupunguza chochote, kuna wiki nilitukana watu sokoni nikarudi kuwaomba radhi. Shingo bado hukaza, na maumivu yakija naweka kitambaa na kungoja. Mama Sifa hunisugua mabega kwa nguvu kama anakanda unga. Hana mikono yako. Namshukuru.

Upweke haujaondoka. Nilidhani vidonge vikiisha nao utaisha, kumbe vilikuwa vimeufunika tu, na sasa nauona wote. Jioni hakuna wa kubishana naye habari za redio. Nikicheka sokoni, nageuka kuangalia kama umesikia. Lakini nauona nikiwa macho, na nikiuchoka nalala, na usingizi ni wangu.

Mama Sifa anarudi, namsikia anaimba njiani. Niache hapa. Lala salama, mume wangu, huko kusiko na mafuriko. Najua upo na huna haraka. Nakuahidi jambo moja, na usinikasirikie: nitakuja, lakini nitachelewa.

Mama Ewoi